Mlango Ulio Wazi Kisera

Alasiri ya Jumamosi iliyopita usingizi ulimpitia Nakijwa Mshana juu ya kitanda chake cha bweni, naye akaota amekwenda kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo.

Nakijwa anasoma sheria, mwaka wa tatu, katika chuo kimoja cha Dodoma. Hajaona tangu azaliwe, kwa hiyo ndoto zake hazina picha. Zina sauti, harufu na vitu vya kushika. Alikuwa ameandika barua kumi na moja kwa mashirika ya kutetea haki. Tisa hazikujibiwa. Ya kumi ilijibiwa "tutakupigia", na hawakupiga. Ya mwisho ilikwenda kwa chama kidogo cha watu wenye ulemavu huko Morogoro, na wiki tatu zilikuwa zimepita kimya. Mafunzo yalikuwa yaanze Jumatatu. Asiye na nafasi angerudia mwaka.

Mwalimu wake, Bwana Kisamo, alimwonea huruma. "Usijisumbue, mwanangu. Nitakuandikia ufanyie hapa hapa maktaba."

Nakijwa alimshukuru, akakataa. Hakusoma sheria miaka mitatu ili akatetee rafu za vitabu.

Basi katika ndoto yuko kwenye korido inayonuka rangi mbichi. Fimbo yake nyeupe inagonga mbao.

"Karibu," unasema mlango. "Mimi niko wazi kwa watu wote."

Nakijwa anausukuma. Hautikisiki.

"Mbona umefungwa?"

"Kwa mbao nimefungwa," unajibu mlango. "Kisera niko wazi."

"Muulize sera ilipitishwa lini," inanong'ona fimbo. Fimbo hiyo haijasema neno tangu inunuliwe, lakini Nakijwa haoni ajabu.

"Sera ilipitishwa lini?"

Mlango unakohoa. "Bado ni rasimu."

"Kama uwazi wako ni rasimu, kufuli nalo ni rasimu."

Kufuli linadondoka miguuni pa Nakijwa, bado lina joto, naye anaingia.

Ndani si ofisi. Ni jikoni kwa mama yake, huko Usangi. Ananusa moshi wa kuni na makande yanayochemka. Mbele yake kuna mizani kubwa kama ile ya kupimia kahawa.

"Uzoefu wa miaka mitatu," inasema mizani. "Weka hapa."

"Mimi ni mwanafunzi. Naomba mafunzo ndiyo niupate huo uzoefu."

"Wote husema hivyo. Weka."

Nakijwa anaingiza mkono kwenye mkoba na kutoa siku moja ya Januari. Ni siku ile alipokuwa na miaka saba, mama yake alipokaa kwenye kizingiti cha mwalimu mkuu tangu asubuhi mpaka kengele ya jioni, akisema haondoki mpaka mtoto aandikishwe. Siku hiyo ina uzito wa jiwe la kusagia. Anaiweka. Anatoa mtihani wa kidato cha pili aliogoma kuufanya mpaka aletewe karatasi ya nukta nundu, ile ya kusoma kwa vidole. Anaweka. Anatoa wahudumu wa mahoteli, wengi, wote wakimwuliza mtu aliyekaa naye, "Huyu chai yake tumtilie sukari?" Hao inabidi awamimine kwa mikono miwili.

Mizani inagugumia. "Miaka ishirini na miwili. Umri wako?"

"Ishirini na miwili."

"Basi umezidi. Mafunzo ni ya wasiojua."

"Niandike mwalimu, basi. Wasiojua utaniletea."

Mizani inatafuta kanuni ya kumkatalia, haiioni. "Pita, mwalimu," inasema, kwa heshima kidogo.

Anapiga hatua moja na sauti ya hatua hiyo inarudi kutoka mbali. Sasa yuko ukumbini. Mbele anaongea mtu mwenye sauti ya bati.

"Mimi ndiye mkurugenzi," inasema sauti. Nakijwa ananyoosha mkono na kugusa kichwa cha waya, shingo nyembamba ya chuma. Mkurugenzi ni kipaza sauti. "Kazi yetu hapa ni kupaza sauti za wasio na sauti. Sauti zenyewe zimo kwenye vyungu, chini ukutani. Wewe utazipaza mpaka rafu ya juu. Angalia zisimwagike."

Nakijwa anainama na kunyanyua chungu cha kwanza. Ndani yake kuna mtu anagonga.

"Binti," anasema mtu huyo, "hebu funua."

"Usifunue," kinasema kipaza sauti. "Kwenye barua ya wafadhili tumeandika kwamba hawana sauti."

Hii ndiyo nafasi pekee aliyobakiwa nayo Nakijwa, na mkurugenzi ndiye huyu. Mfuniko uko chini ya vidole vyake. Akikipandisha chungu rafuni ana kazi. Akiufunua harudi hapa tena.

Anafunua.

"Ahsante," anasema mtu wa chunguni. "Mimi Shedraki, fundi viatu. Miguu yangu haitembei, mdomo wangu unatembea. Banda langu lilihamishiwa ghorofani bila mimi kuulizwa. Nimekwenda kulisema mwenyewe mara nne. Sauti ninayo. Nilichokosa ni masikio."

Nakijwa anafunua cha pili, cha tatu, cha ishirini. Mama mmoja anadai mkalimani wa lugha ya alama hospitalini. Chunguni mwake hayatoki maneno, unatoka upepo wa mikono inayokwenda kasi, na kwa namna ya ndoto Nakijwa anauelewa wote. Ukumbi unajaa mpaka kuta zinatetemeka. Hakuna anayelia. Wanaongea kama watu waliokuja kwenye kikao chao.

"Na mimi nifanye nini sasa?" kinauliza kipaza sauti, kwa sauti ndogo.

"Simama mbele ya anayeongea," anasema Nakijwa, "wewe ukae kimya."

Kinajaribu. Kinaweza. Shedraki anacheka, na Nakijwa, ambaye hajawahi kujiona, anajihisi mrefu kama mnara.

Ndipo muhuri unakuja ukirukaruka juu ya meza, tok, tok, tok.

"Huyu nani amemkubali?"

"Sisi," unajibu ukumbi mzima.

"Nigonge wapi? Hana karatasi."

"Mkononi!"

Nakijwa anafungua kiganja. Muhuri ni wa baridi kama kokoto ya mtoni, na unakandamiza, unakandamiza, mpaka anapiga kelele.

"We Nakijwa! Unagombana na nani?"

Alikuwa Koku, msichana anayelala naye chumba kimoja, akipiga pasi. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Nakijwa aliketi, kiganja cha kushoto kikimuuma.

Koku aliushika mkono ule. "Umelalia maharage? Una vipele vimejipanga mstari."

Nakijwa alipitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Alipitisha tena, polepole. Hapo hapo simu ikalia.

"Naongea na Nakijwa Mshana?" aliuliza mwanamke mmoja. "Mimi katibu wa chama, nipo Morogoro. Samahani tumekawia, mwanangu. Wanachama walitaka barua yako isomwe mbele yao wote, na wao wenyewe ndio waliopiga kura. Umepita. Unatakiwa uripoti…"

"Jumatatu, saa mbili kasorobo," alimalizia Nakijwa.

"Nani kakwambia?" aliuliza katibu. "Barua ndiyo kwanza naichapa hapa."

Nakijwa alikunja kiganja taratibu, akanyoosha mgongo.

"Nimeisoma," akasema.