Vidole Viwili Mgongoni

Brian wangu halali mpaka nimgongegonge mgongoni kwa vidole viwili. Nikitoka darasa la jioni kule Themi nimechoka, daftari bado kwapani, ndiyo kazi ya kwanza. Mume wangu hucheka: "Unamtuma mtoto akawinde?" Hakosei.

Mwaka ule raba za mitumba zilianza kujaa sokoni Arusha, nami nilikuwa na jozi yangu ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa na kibali cha kuwinda pongo mmoja, dume tu, nacho kilikuwa kinaisha Jumamosi ile. Bunduki yake ilikuwa nyepesi, fupi, isiyonasa kwenye matawi. Baba mdogo Naftali aliitamani siku nyingi.

"Kaka, Ndeshi anakwenda msituni kukusuka nywele?" alitutania tulipopita kwenye migomba yake, juu ya Nkoaranga.

"Ananibebea maji."

Maji nilibeba kweli. Lakini macho ya Baba yalikuwa yanafifia. Umbo la mnyama aliliona. Pembe ndizo zilimpotea kwenye majani. Naftali angejua, bunduki ingekwenda kwake. Basi tulikubaliana: nikimgusa mgongoni mara moja, ni jike, aache. Mara mbili, dume.

Msituni ukungu ulidondoka kutoka kwenye mierezi kama mvua. Dume tulimsikia kwanza, akibweka kama mbwa mzee.

"Anatafuta jike," Baba alinong'ona. "Akishikwa hivyo, hata kuogopa anasahau."

Kichaka kikatikisika. Bunduki ikapanda. Nikaona rangi ya kahawia, kichwa bila pembe. Nikagusa mara moja, upesi. Bunduki ikashuka. Jike akapita. Nyuma yake, shingo imenyooka, pua kwenye nyayo zake, akaja dume mweusi mwenye pembe zilizojipinda. Hakutujali kabisa. Nikamgusa Baba tena. Mara mbili.

Risasi ilikuwa moja tu.

Jioni ndugu walikusanyika. Kwetu ini ni la aliyeua, na halikatwi. Baba alipopewa sahani, akachukua kisu akalikata katikati.

"Kaka! Unafanya nini?" Naftali akashtuka.

"Nusu ni ya Ndeshi. Mimi nilifyatua tu. Macho yalikuwa yake."

Nikaanza kulia, nikijua siri imetoka na bunduki itaondoka. Naftali akamgeukia kaka yake.

"Ndiyo maana juzi ulimsalimia mbuzi wangu."

Baba ndiye aliyecheka kwanza. Kisha akainuka, akaishusha bunduki ukutani, akaiweka mapajani mwa mdogo wake. "Jumatatu twende polisi tubadilishe jina kwenye leseni. Ila msituni uende na mwenye macho."

Kibali kilichofuata kilipotoka, mlango wetu uligongwa alfajiri.

"Ndeshi," Naftali aliita, "vaa raba zako, mama."