Mpira wa Turbo wa Lori la Tamsin

Niliubonyeza mpira unaounganisha bomba la turbo na njia ya kuingizia hewa kwenye injini ya lori la Tamsin, ukabonyea kama parachichi bovu. Ulikuwa umefungwa siku mbili tu zilizopita, na mafuta yalikuwa yameshaulainisha. Ukichomoka kwenye mlima wa kivuko cha reli, lori linakosa nguvu katikati ya reli, na treni ya madini haisimami ghafla. Mke wangu Narelle alifia hapohapo.

“Bosi, nunua wa silikoni, wenye utando wa kuzuia mafuta ndani.”

Bosi wetu, Craddock, akacheka. “Mzee, mpira ni mpira. Usituletee uchuro.”

Nikaupasua kwa kisu ili Tamsin asiondoke.

Bosi hata hakugomba. Alitoa mwingine wa aina ileile, akaufunga mwenyewe. Tamsin akanipungia mkono, akashika njia ya relini.