Ukumbi wa Aliyelala Dunguni

Wewe mwenye binti aliyesoma, unayetamba kisimani kwamba mwanao anaandika ripoti kwa kompyuta, keti hapa kidogo usikie yaliyompata Mwantumu wa Mtawanya, huku Kibiti. Na usicheke kwanza. Kazi ya kucheka ina wenyewe.

Mwantumu alikuwa na binti mmoja, Warda. Tangu darasa la tatu alimpeleka Mbagala kwa mama yake mdogo ili asome, na mtoto akasoma kweli. Akarudi Kibiti na cheti, akapata kazi ya mkataba kwenye shirika moja lililojenga jengo la vioo kando ya barabara kuu, jengo la kuenzi urithi. Urithi wenyewe ulienziwa hivi: kila chumba cha mikutano kilipewa jina la mtu wa zamani. Kulikuwa na chumba cha kungwi, ambamo wanaume peke yao walijifungia kupanga semina. Kulikuwa na chumba cha fundi ngoma, na mlangoni wamebandika karatasi: TAFADHALI USIPIGE KELELE. Na kile cha fundi mitumbwi wa Kiongoroni, mvua ikinyesha tu, kilivuja.

Kilibaki cha nne, ukumbi mkubwa kuliko vyote, hauna jina. Mkurugenzi, Bwana Abdulrazaq, mtu wa suti na marashi, akamwambia Warda: "Niletee shujaa kabla ya siku ya ufunguzi. Mkataba wako si unaisha mwezi huu? Basi tutaona."

Hilo "tutaona" lilimkosesha Mwantumu raha kuliko mbu wa masika. Kila akiswali aliliombea dua.

Jumatatu moja Warda akaingia uani anakimbia, viatu mkononi.

"Mama, shujaa wangu kakubaliwa! Na shujaa mwenyewe ni wetu! Babu yako, Mwinyimvua!"

Mwantumu alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani.

"Mwinyimvua yupi?"

"Mlinzi wa mpunga! Alikaa miezi mitatu juu ya dungu, nguruwe wa bonde zima wakamjua. Wakaondoka wenyewe, na mwaka wa pili hawakurudi. Nilimrekodi mzee mmoja wiki iliyopita kwenye matanga kule Ruaruke. Mama, yule mzee alikuwa analia kuliko wafiwa!"

"Kanzu kaivaa ndani nje?"

"Umejuaje?"

"Huyo Mshamu. Mtani wetu."

Warda akamtazama mama yake kama aliyesemeshwa Kichina.

Ukweli wa Mwinyimvua kila mtu wa bondeni anaujua, ila Warda, na mama yake akamsimulia palepale. Mwaka ule mpunga ulikubali, kaya kumi na mbili zikampandisha dunguni, kile kichanja kirefu cha kulindia mashamba, awafukuze nguruwe. Akapanda, akakaa miezi mitatu, na kila usiku akalala. Mpunga ulipoiva nguruwe wakaingia, wakala, wakaitana, wakala tena. Watu walipofika asubuhi wakakuta mabua matupu, na mlinzi juu anakoroma. Wakamwamsha. Mzee akapangusa macho, akasema: "Niliwaacha washibe, ili mwakani wasirudi." Na kweli mwakani hawakurudi, maana hapakuwa na hata mbegu ya kupanda. Tangu hapo ukoo wa kina Mshamu, Wamatumbi waliohamia toka milimani, ambao kwa ukoo wa Mwantumu ni watani, wenye ruhusa ya kuwakejeli hata matangani, hawakuhitaji utani mwingine. Mtu wa ukoo wa Mwinyimvua akifa, wao hutandika jamvi kando ya kaburi wakalala, wakakoroma mpaka wahongwe ndipo waamke.

"Nenda kafute," Mwantumu alisema.

"Siwezi! Kibao kimeshachongwa Dar, cha shaba. Mkurugenzi kakipiga picha kawatumia wakubwa wake. Ukisema neno, mama, umenimaliza."

Mwantumu akarudi kwenye ungo wake. Kesho yake akamkamata jogoo wake mwekundu, akamtia kapuni, akaenda kwa Mshamu.

"Mtumwa wangu leo kaja kwa miguu yake!" Mshamu alimpokea toka barazani. "Na kitoweo kaleta. Nguruwe wamekubakizia jogoo?"

"Mshamu, leo sikuja kwa utani. Kwa nini umemdanganya mtoto?"

"Nimdanganye? Si nilimwambia miezi mitatu juu ya dungu? Alikaa miezi mitatu. Sikusema alikuwa macho. Yeye ndiye aliyeandika."

"Ungemwambia basi, mjukuu wangu, huu utani."

"Ningejuaje kama ni wa kwenu? Kaja na simu, kaniamkia vizuri, kaniuliza kwa Kiswahili cha barua: 'Mzee, naomba unisimulie shujaa.' Hakunitukana. Hakuninyang'anya kofia. Mtu asiyekutukana si mgeni huyo? Na mgeni hupewa anachotaka." Akampokea jogoo, akampima uzito kwa mkono. "Mtoto wa miaka ishirini na minne hajui mtani wake. Hilo kosa la nguruwe pia?"

Mwantumu akaokota kapu lake tupu. Alimfundisha Warda kunawa, kuswali, kuficha ada ya shule kwenye soksi. Watani hakumfundisha. Aliona mambo ya kishamba, yatamchelewesha.

"Nyamaza tu siku hiyo," akaomba. "Mkataba wa mtoto."

"Sitasema neno," Mshamu akaapa. "Hata moja."

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alivuta kitambaa, makofi yakapigwa, Bwana Abdulrazaq akasoma kibao kwa sauti ya hotuba: "Ukumbi wa Mwinyimvua, mlinzi aliyekesha miezi mitatu bila kufumba jicho." Nyuma ya viti watu wa Mtawanya wakaanza kutazamana. Mabega yakatikisika.

Na Mshamu, mtu wa ahadi, hakusema neno. Aliingia na wenziwe watatu, wakatandika jamvi katikati ya zulia jipya, wakajilaza. Wakakoroma.

"Igizo la asili!" Mkurugenzi akamnong'oneza mgeni rasmi, naye akatoa simu kurekodi. "Sasa tumkaribishe mjukuu wa shujaa, atuthibitishie machache."

Mwantumu akapewa kipaza sauti. Warda, pembeni, alimtazama kwa macho ya mtoto anayechanjwa. Mwantumu akajikaza. Akasema bismillahi. Akasema babu yake alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo alipotaka kuishia, arudishe kipaza sauti, akakae. Lakini Mshamu akageuka ubavu, akaongeza koromo, refu, lenye filimbi mwishoni.

Sasa, mtani akikurushia huwezi kumwachia hivihivi. Mdomo hujibu kabla ya kichwa.

"Amka, we Mshamu!" Mwantumu alifoka, na spika zikambeba mpaka stendi. "Bora babu yangu aliyelala dunguni, kuliko wako aliyekuja na hao nguruwe kula!"

Ukumbi ukapasuka. Wanawake walishikana wasianguke, Mshamu akainuka pale jamvini anafuta machozi ya kicheko. Hata mgeni rasmi alicheka, ingawa hakujua anachekea nini. Bwana Abdulrazaq peke yake hakucheka. Alimgeukia Warda polepole.

"Alilala?"

Warda akakitazama kibao. Mama yake ndipo akakumbuka kuzima kipaza sauti.

Barua ilitoka wiki ileile. Mkataba hautaongezwa, kwa sababu ya "udhaifu katika uhakiki wa taarifa". Mwantumu akajitanda khanga yake nzuri akaenda na bintiye kuomba radhi.

"Kosa langu, baba," alimwambia Mkurugenzi. "Mimi ndiye sikumfundisha. Mwadhibu mama mtu."

"Mama, hapa tunaheshimu ukweli wa historia."

"Basi na kibao mtakitoa?"

Bwana Abdulrazaq akakohoa. "Kibao ni shaba, mama. Kimejengewa ukutani. Kukitoa ni kubomoa ukuta, na wakubwa wameshakiona kwenye picha. Kitabaki."

Kwa hiyo uongo ukapata ajira ya kudumu, na aliyeuandika akakusanya vikombe vyake kwenye boksi. Ulimwengu ndio huo: asiyefunzwa watani na mamaye, atafunzwa nao, tena mbele ya mgeni rasmi.

Wakitoka, walipita kando ya kioo cha ukumbi ule mkubwa. Ndani kulikuwa na semina. Sahani za pilau zilikuwa bado mezani, mifupa juu, na mtoa mada anasoma ukutani peke yake. Maofisa kumi na mmoja, Mwantumu aliwahesabu, walikuwa wamelala, videvu vifuani, chini ya jina la babu yake. Mmoja alikuwa anakoroma, na koromo lake lilipenya kioo.

Mwantumu akataka kugonga. Warda akamshika mkono. Tangu barua itoke hakuwa amesema neno lolote la maana, na mama mtu alikuwa ameanza kumhofia. Sasa mdomo ulikuwa unamcheza pembeni.

"Waache, mama," alisema. "Waache washibe, mwakani wasirudi."