Sahihi Kutoka Upande wa Pili

Miaka ishirini na miwili sasa Verlin Stidham yuko gerezani, kwa kuchoma daraja la kampuni ya makaa ya mawe wakati wa mgomo. Hakufa mtu. Kampuni nayo ilifunga mgodi, ikatoweka na pensheni za wachimbaji, na hakuna hata bosi mmoja aliyetiwa pingu. Dada yake, Oma, hakulisahau hilo hata siku moja.

Gavana, Mrepublikani, alituma neno: atatoa msamaha iwapo kiongozi wa chama chake katika kaunti ya kina Verlin atamwomba kwa maandishi kabla ya Jumanne.

Oma aliwapelekea habari Wademokrati wenzake, akiwataka waende naye kuwaomba Warepublikani. Mwenyekiti wao, Tolliver, akakunja uso.

"Tuwapigie magoti wale? Subiri Novemba, dada. Verlin akiwa ndani anatuletea kura."

"Basi kalale wewe kwenye kitanda chake cha gerezani mpaka Novemba," Oma akamjibu, akaondoka.

Jumapili ile ilikuwa ya kusafisha makaburi. Kule milimani siku hiyo siasa huachwa langoni, na aliyemaliza makaburi yake humsaidia wa jirani. Jirani wa Oma alikuwa Dorsey Caudill, mwenyekiti wa Warepublikani, yuleyule aliyesimika bango la "Verlin abaki ndani" uani kwake. Alikuwa amepiga goti kwenye kaburi la baba yake, kiuno kimegoma.

"Nipe hiyo reki, Dorsey, kabla hatujakufukia na wewe."

"Ungefurahi."

"Leo hapana. Leo nina shida na wewe."

Huku akikusanya majani, akamweleza. Dorsey akatema mate pembeni.

"Alichoma daraja, Oma."

"Alichoma. Na pensheni ya huyu mzee aliyelala hapa aliichoma nani? Yule alifungwa miaka mingapi?"

Dorsey akapangusa majani juu ya kaburi. Baba yake alikufa akikohoa vumbi la makaa, bila senti ya dawa.

"Watu wangu watanila mbichi."

"Wangu wameshaanza kunila. Njoo tuliwe pamoja."

Dorsey akacheka bila kupenda, akamgeukia mkewe aliyekuwa akipanga kuku wa kukaanga kwenye meza ya chakula ambacho wote hula pamoja palepale kazi ikiisha. "Nadine, kalamu!"

"Ya nini?"

"Ya kushindwa uchaguzi."

Akaandika palepale, kati ya sahani, akatia sahihi. Mtu akapaza sauti, "Dorsey, umeuza chama!"

"Siasa nje ya uzio, Hobert," akasema, asiinue kichwa.

Oma akaisoma: *Alichoma daraja. Ameshalipa. Waliotuibia hawajalipa. Namwomba gavana amrudishe nyumbani.*

Hakungoja keki. Mji mkuu ulikuwa mwendo wa saa nne, naye alitaka Jumatatu mlango wa gavana ufunguliwe yeye yuko hapo. Nadine akamfuata garini na vipande viwili vya kuku.

"Kimoja cha Verlin."

"Mpaka atoke kitakuwa kimeoza, mama."

"Basi kula vyote. Mwambie vyake nitavikaanga akifika."