Mtumbwi wa Shangazi Rosina

Muna alisimama.

Ndicho ninachokiona kwanza kila nikiikumbuka siku ile: gauni la kijani, mikono miwili hewani, vidole vimetanuliwa ili picha ivipate vyote kumi. Mtumbwi chini yake ulikuwa ukienda na kurudi taratibu, kama ungo mikononi mwa mtu anayepepeta mchele bila haraka. Nilikuwa nimeinua simu. Nilikuwa nikitabasamu. "Vizuri, Muna, hivyo hivyo," nilimwambia, na kabla sijabonyeza, hayupo.

Hakuanguka kutoka juu. Toka ukingo wa mtumbwi hadi mchangani hakukufika kimo cha meza. Lakini alitua kwa mkono wa kushoto, nami nilisikia mlio mdogo mkavu, wa ukuni unaovunjwa gotini. Watoto kumi na wanne waliobaki ndani walinyamaza. Shangazi Rosina alikwisha kuitupa kamba na kupiga magoti kabla mimi sijaishusha simu.

Shangazi Rosina ni dada wa baba yangu. Ana uwanja wa michezo kando ya barabara itokayo Garsen kwenda Witu, na kila kilichomo alikiunda kwa vitu ambavyo wengine walivitupa. Kuna jukwaa la kuzunguka lililokalia ekseli ya trekta. Kuna mteremko wa mbao ambao huusugua kwa nta ya mshumaa kila Jumamosi. Na kuna mtumbwi. Mumewe, Mungu amrehemu, alivushia watu mto kwa mtumbwi huo hadi ulipotoboka tumbo. Mwanamke mwingine angeupasua kuni. Yeye aliuning'iniza kwa minyororo minne kwenye boriti nene za mkoko zilizoletwa kutoka Ozi, akafunga kamba nyuma, akawaita watoto.

Siku za Idd na za Krismasi foleni ilifika barabarani. Watoto wa Kipokomo walitoka kanisani na viatu mikononi, wale wa Kiorma wakaja na hina mbichi viganjani, wote wakisukumana mahali pamoja. Shangazi aliwapanga ndani wawili wawili, akasimama nyuma na mikono yake minene kama ya mtwangaji. "Kaeni! Mto huu haujui jina la mtu!" Kisha alianza kuvuta kidogo kidogo, huku akiwaonyesha kingo zinazopita: mashamba ya migomba, ng'ombe wanaokunywa maji, mwanamke anayefua. Wakishazoea, alishusha sauti. "Msipumue. Naona masikio mawili majini." Watoto walitazama mchangani. Mchanga mtupu, mkavu, nao waliyaona masikio ya kiboko. Hapo ndipo alipoitupia kamba uzito wake wote.

Kelele zile zilisikika hadi kwenye kituo cha mafuta.

"Huoni unawatesa?" nilimwuliza mara ya kwanza, nikiwa likizoni kutoka chuoni.

"Nawasikiliza," alisema. "Wakipiga kelele wote, niko sawa. Sauti moja ikikatika, naachia kamba. Aliyenyamaza ndiye anayeogopa kweli."

Na nilimwona akifanya hivyo. Mvulana mmoja alinyamaza katikati ya vicheko, nami sikutambua lolote, lakini Shangazi alikwisha kuushika mtumbwi kwa kifua chake. Alimteremsha bila kumwambia pole wala kumwita jasiri, akamsimamisha pembeni na kumpa kazi ya kuwatazamia wenzake kiboko. Baada ya raundi mbili mtoto aliiacha kazi yake akaenda kupanga foleni. Hakuna aliyemcheka, kwa kuwa hakuna aliyepewa nafasi ya kujua.

Leo nayasimulia haya kwa heshima. Wakati ule sikuwa nayo. Nilikuwa na diploma ya malezi ya chekechea, mkataba wa muda katika shule moja ya Garsen, na mdomo uliokuwa haujawahi kukosa jibu. Wazazi waliponilalamikia kwamba mtoto fulani alikojoa kitandani baada ya Idd, nilijiona nimetumwa. Nilipopanga kuwapeleka wanafunzi wangu pale mwisho wa muhula, nilitangulia peke yangu kwenda kumwekea Shangazi masharti.

"Hawa wana miaka mitano, sita," nilimwambia. "Wengine walitolewa juu ya paa wakati wa mafuriko. Nawe unataka kuwatisha na mto tena?"

Alikuwa akisugua mteremko. Hakuinua kichwa. "Mimi sikuwatisha. Mto ndio uliowatisha. Mimi nawapa mto wenye kamba."

"Hayo ni maneno matamu tu, Shangazi."

"Na wewe una maneno makali tu. Haya, ticha wetu. Nikuvutie vipi?"

"Chini. Polepole. Bila kiboko."

"Bila kiboko!" Alicheka mpaka mshumaa ukamtoka mkononi. "Na kiboko wangu nimpeleke wapi siku hiyo, Malindi?"

Sikucheka. Aliponitazama na kuona sicheki, naye aliacha. "Watoto ni wako," alisema. "Nitavuta unavyotaka."

Akavuta nilivyotaka. Hilo nataka lieleweke kuliko yote.

Dakika ya kwanza wanafunzi wangu walikaa kama walivyokuwa wamesimuliwa na kaka zao, mabega juu, macho makubwa, mikono imeng'ang'ania ukingo. Shangazi hakuwahi kumwambia mtoto yeyote ashike. Walishika wenyewe. Mtumbwi ulikwenda, ukarudi. Ukaenda, ukarudi.

"Ticha," Bilal aliniuliza, "itaanza lini?"

"Imeanza, Bilal."

"Hii?"

Mikono ilianza kubanduka ukingoni, mmoja baada ya mwingine. Bilal aligeuka akakaa kinyume. Wawili waliokuwa mbele waliteremsha miguu nje. Mmoja alikuwa akilamba mnyororo.

"Charity," aliniambia Shangazi kutoka kwenye kamba, kwa sauti ya chini. "Mikono yao."

"Waache wafurahi, Shangazi."

Kisha nikainua simu, na Muna, aliyependa picha kuliko peremende, akasimama.

Hospitalini walimfunga plasta hadi juu ya kiwiko. Baba yake, Guyo, alifika jioni kutoka malishoni, vumbi limempanda hadi magotini. Alimtazama binti yake, akautazama ule mkono, akamshukuru daktari kwa Kiswahili chake kifupi. Mimi hakuniuliza kitu. Laiti angeniuliza.

Kwa maana tayari simu zote za Garsen zilikuwa zina habari. Ule mtumbwi wa kutisha umemvunja mtoto mkono. Tulisema. Si tulisema? Hakuna aliyeuliza ulikuwa ukienda kwa kasi gani, kwa sababu kila mtu alikuwa amewahi kuuona ukienda.

Wiki hiyo ndiyo mkataba wangu ulikuwa utiwe sahihi uwe wa kudumu. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango kwa upole. "Wewe nyamaza tu," aliniambia. "Kamba haikuwa mkononi mwako." Nilitoka pale nikiyarudia maneno yake. Yalikuwa kweli, na kwa siku tatu niliyatumia kama mtu anavyotumia mwavuli.

Jumamosi asubuhi wazazi walikusanyika uwanjani. Walikuwa kama ishirini, wakiongozwa na Winfred, mama yake Bilal na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwanamke ambaye hata akikusalimu unajikagua vifungo. Guyo alisimama mbali kidogo, ameegemea fimbo yake, Muna ubavuni mwake, mkono umening'inizwa shingoni. Shangazi alikuwa amevaa leso yake ya kanisani. Hakuwa amewawekea watu viti, nadhani kwa sababu alijua wamekuja kubomoa, si kukaa.

"Mama Caleb," alianza Winfred, akimwita Shangazi kwa jina la mwanawe, "wakati wa Idd tulikuja hapa tukakueleza. Mtoto si wa kutishwa. Ukatuambia tusikilize wanavyocheka. Sasa umesikia?"

"Nimesikia."

"Ulivuta kwa nguvu. Sivyo?"

"Kamba ilikuwa mikononi mwangu," alisema Shangazi.

Akaishia hapo. Nilimngoja aendelee. Nilingoja anitupie jicho, hata kidogo tu, jicho la kuniambia sema basi, wewe mwenye maneno. Angenitazama, nafikiri ningemchukia kwa kunilazimisha, na chuki hiyo ingenisaidia kunyamaza. Hakunitazama. Aliwatazama wanaume wawili waliokuwa tayari wamefika kwenye boriti, wakipima kwa macho mnyororo upi utangulie, na alichowaambia ni hiki tu: "Anzeni na wa nyuma. Mkianza na wa mbele utawaangukia miguuni."

"Hakuvuta kwa nguvu," nilisema.

Sauti ilinitoka nyembamba, ikabidi nirudie.

"Hakuvuta kwa nguvu. Mimi nilimkataza. Nilimwambia avute chini, polepole, asiwasimulie kitu. Akaniambia nitazame mikono yao, nikamjibu awaache. Muna alisimama kwa ajili ya simu yangu. Waliachia kwa sababu hawakuwa na haja ya kushika."

"Ukingo si ulikuwepo?" alisema Winfred.

"Ukingo ulikuwepo. Sababu haikuwepo."

Winfred akamvuta mwanawe mbele kwa bega. "Bilal. Ni kweli?"

"Ilikuwa kama kitanda, mama," alisema Bilal.

Mtu mmoja nyuma alikohoa kuficha kicheko. Winfred hakuficha chochote. Uso wake ulikuwa ukifanya hesabu ngumu, na niliona hapendi jawabu linalomjia. Wale wanaume waliiacha minyororo, wakabaki na mikono isiyo na kazi.

Najua yaliyofuata. Mkataba wangu haukutiwa sahihi wiki ile, wala mwezi ule. Nilirudi nyumbani Kulesa, nikapalilia mpunga wa mama hadi Januari nilipoitwa tena shuleni. Mtumbwi ungali pale, na mwaka huu una minyororo mipya. Shangazi hajawahi kuniambia nilimkosea, wala kwamba nilimwokoa, na siku nilipojaribu kumwomba radhi alinipa mshumaa na upande mmoja wa mteremko niusugue. Sijakutana na mtu, chuoni wala nje ya chuo, anayeijua hofu ya mtoto kama yeye: ukubwa wake, sauti yake, na kiasi gani cha kumpa bila kumdhulumu.

Lakini asubuhi ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba Guyo alikuwa anakuja.

Alisimama kwanza mbele ya Muna, akamwuliza jambo kwa Kiorma. Muna alijibu kwa kirefu, akionyesha kwa mkono wake mzima: hapa nilikaa, hapa nikasimama, hivi. Guyo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Shangazi.

"Mama, hiki kinabeba mtu mkubwa?"

Shangazi alimpima kwa macho. "Kilivusha magunia kumi ya mpunga, Baba Muna. Wewe ni gunia moja na nusu."

Guyo alimkabidhi binti yake fimbo, akavua makubazi, akapanda. Mtumbwi uliyumba, naye akajikalia haraka kuliko alivyokusudia. Aliketi pale na magoti yake marefu karibu na kidevu, mbele ya watu wote wale. Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu hospitalini.

"Mwalimu," alisema. "Kaa."

Nilivua viatu. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kupanda. Mbao za ndani zilikuwa laini kama ngozi ya ndani ya mkono, zimesuguliwa na makalio ya watoto wa vijiji vyote vya huku. Niliketi kando yake. Hatukutazamana. Nyuma yetu kamba ilikaza, na Shangazi akaanza, kwa ile sauti yake isiyo na haraka, kutuonyesha migomba.

Guyo ni mtu aliyelala porini na ng'ombe wake tangu utotoni. Amewahi kumfukuza fisi kwa kijinga cha moto. Kiboko wa Shangazi Rosina alipoibuka na mbingu ikatuinukia, alitoa ukelele ambao sijausikia kwa mtu mzima kabla wala baada yake, na mimi, naamini, nilikuwa na wangu juu ya wake. Garsen nzima ilipinduka, mabati ya maduka, barabara, nyuso zilizotuangalia. Huko chini kwenye mchanga Muna alikuwa akirukaruka, fimbo ya baba yake mkononi, akicheka na kupiga kelele kwa wakati mmoja.

"Baba, shika! Shika na mikono miwili!"

Hakuwa akisema na mimi. Nami nilishika.