Usiiwashe Kabla Sijarudi

Skrini ilisema diski ni tupu. Mahmudu, fundi mwenzangu redioni, alikuwa ameketi sakafuni kati ya nyaya, fulana imemlowa jasho, nami nimesimama mlangoni na vumbi la barabara ya Ndanda usoni, kadi ya pili ya seva mpya mkononi.

Redio yetu pale Newala ilihifadhi vipindi vyote kwenye kabati moja la diski. Tulikuwa tunaongeza seva ya pili ili hatimaye tuanze kuweka nakala za akiba. Kabla ya kuiwasha, lazima ufunge zoni: unaiambia swichi inayounganisha seva na diski kwamba kadi hii ione diski hizi, ile ione zile, kila mtu na chumba chake. Ukiacha wazi, seva mgeni ataikuta diski ya mwenzie, ataiona ngeni, ataomba ruhusa aisafishe, yaani afute kila kilichomo. Nakala ya akiba yenyewe ilikuwa bado.

Na humo kabatini ndimo alimobaki mama yangu. Bi Ethel wa salamu za asubuhi, aliyewasomea watu wa Kitangari na Chilangala harusi zao na misiba yao, akikohoa kidogo kabla ya kila tangazo. Nyumbani hatukuwahi kumrekodi. Nani amrekodi mama yake, na yuko redioni kila siku? Alipofariki nilijipoza moyo kwamba sauti ipo.

Mahmudu ni Myao, mimi Mmakua. Mtani wangu huyo. Msibani kwa Mama alijifunga kanga ya marehemu, akajikohoza, akasema kwa sauti ile ile: "Wasikilizaji, leo nimechoka. Someaneni wenyewe!" Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndiyo kazi ya mtani, na aliifanya vizuri.

Sasa mtani humwambii jambo kwa upole. Siku ile nilimpigia simu nikiwa Ndanda, nilikofuata kadi ya pili; ya kwanza ilikuwa tayari ndani ya seva mpya.

"We Myao, usiiwashe hiyo mashine kabla sijarudi kufunga zoni! Ukiigusa nakuzika leo leo, tena bila sanda."

Akaangua kicheko. "Wamakua kwa kufungafunga milango! Utakuta kazi imekwisha, uone aibu."

Jamani, nilikuwa nasema kweli. Yeye alisikia utani, kwa sababu tangu tujuane hatukuwahi kuambiana kitu kingine.

"Iliniuliza kama iiandae diski upya," alisema nilipofika, akiwa bado pale sakafuni. "Nikadhani ni ya kwake. Nikakubali."

Tulihangaika wiki nzima. Fundi aliyekuja kutoka Mtwara alijaribu kufufua chochote, akatikisa kichwa, akafunga mkoba wake. Nililia mbele ya watu, sikujali. Nilitaka kumtukana Mahmudu nitue mzigo, lakini kila tusi nililolijua nilishamtukana tukicheka. Hakuna lililobaki la kumuumiza.

Jumatatu niliwahi kazini. Nilisikia pikipiki yake ikizimwa nje, nikangoja anichokoze dirishani kama kawaida yake. Alilipita dirisha. Akaingia, akasimama mbali na meza yangu, mikono ameifumbata, macho chini.

"Shikamoo, Mama Cecil."

Mtani huyu hakuwahi kuniamkia, wala kuniita kwa jina la mwanangu. Nilisubiri aongeze kitu, hata kejeli. Hakuongeza.

"Marahaba," nikamwitikia.