Namba ya Tatu

Jumamosi saa nne asubuhi Kokuberwa alilitafuta boksi la simu ya marehemu mumewe, Edgar, akalikuta kabatini limejaa vifungo na nyuzi. Karatasi ndogo yenye namba ya utambulisho wa simu haikuwepo ubavuni. Mwanawe Blessing, mwenye miaka mitano, aliibandua kitambo akambandika mwanasesere usoni, na mwanasesere alikuwa ameshafuliwa.

Kituo cha polisi walimwambia kwamba bila tarakimu hizo kumi na tano simu haitafutiki. Ilipotea siku Edgar alipogongwa na lori akivuka barabara hapo Kimara. Ndani yake alikuwa amejirekodi akimwimbia Blessing wimbo wa kumlaza, wimbo alioutunga mwenyewe. Mwezi uliopita Blessing aliuliza baba alikuwa anaimbaje. Kokuberwa alifungua mdomo, na wimbo haukuja.

Alikwenda kwa Nurdin, fundi simu.

"Bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli," alisema Nurdin. "Ila itakupa za simu uliyoishika tu, sista. Laini mbili, namba mbili."

Kioo kilionyesha tatu. Nurdin aliinama akaangalia.

"Hii ya tatu siyo ya simu hii. Inatokeaga kwa wafiwa. Iandike kabla haijaondoka."

Aliiandika. Aliporudi nyumbani aliikuta namba hiyo hiyo nyuma ya redio, chini ya pasi na ubavuni mwa friji, mahali palipokuwa na namba za kiwandani. Hadi jua linazama alikuwa ameikariri.

Jumapili mchana shemeji yake Gozbert alikuja kula, kama kila Jumapili tangu mazishi. Yeye ndiye aliyemfikia Edgar wa kwanza pale barabarani, akampakia kwenye bajaji, akampakata kichwa hadi hospitali. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya msiba. Blessing alimwita baba mkubwa.

Kokuberwa alileta jagi na beseni.

"Karibu unawe, shemeji."

"Asante, shemeji. Nanusa senene, au ni njaa inanidanganya?"

"Ni njaa. Leo maharage."

Gozbert alicheka, akakunjua viganja. Katika kiganja cha kulia kulikuwa na tarakimu kumi na tano, ndogo, nyeusi. Kokuberwa alikuwa akiziona Jumapili zote. Alidhani ni namba ya mtu, ameiandika mkononi asiisahau. Sasa alizisoma moja moja huku akimimina, hadi jagi likaisha.

"Haitoki," alisema Gozbert. "Nimejaribu hata mafuta ya taa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Simu yake ilikuwa inaita, shemeji. Jina lako linawaka. Nikaona nitakwambia nini? Nikaizima, nikaitia mfukoni."

"Alikuwa anapumua?"

Gozbert aliyatazama maji ndani ya beseni.

"Kidogo."

"Iko wapi?"

"Nilitaka kukurudishia. Siku ya tatu nikaona aibu. Ya nne nikaiuza. Walifuta kila kitu mbele yangu."

Wali ulikuwa unapoa. Kokuberwa alimpa taulo. Blessing aliingia akadai ukoko, na wote watatu wakala, kwa sababu chakula kilikuwa kimeshapakuliwa.

Jumatatu alirudi kituoni na karatasi aliyoandikia namba, akaeleza yote. Askari wa zamu alihesabu tarakimu kwa ncha ya kalamu.

"Zimetimia," alisema. "Lakini sisi tunatafuta simu, mama. Kiganja hakishiki mtandao."

Aliiandika kwenye kitabu kikubwa, akakifunga. Kokuberwa alimshukuru.

Jumapili iliyofuata, kanisani, watu walimpa Gozbert mkono kama kawaida, na mchana akaja saa ile ile. Kokuberwa alileta jagi na beseni. Blessing, ambaye chekechea walikuwa wameanza kusoma namba, aliushika mkono wa baba mkubwa, akaweka kidole kwenye tarakimu ya kwanza. Alipofika ya nne alikuwa tayari anaimba, taratibu, kwa wimbo alioubuni hapo hapo. Gozbert hakuuvuta mkono. Maji yalimtiririka hadi kwenye viwiko.

"Mama," alisema Blessing alipomaliza, "baba alikuwa anaimba hivi?"

"Hivyo hivyo," alisema Kokuberwa, akaendelea kumimina.